Chama cha Conakat na Uchaguzi wa Jimbo la Katanga, 1957–1960

Jina la Katanga litajwapo Afrika ya Mashariki, wasikiao hukumbuka mara mambo matatu: shaba, Moïse Tshombe, na kifo cha Patrice Lumumba. Tena aghalabu hadithi yenyewe huanzia tarehe 11 Julai 1960, siku Tshombe alipotangaza kwamba jimbo lake limejitenga na Jamhuri ya Kongo iliyokuwa haijatimiza majuma mawili tangu kupata uhuru. Yatanguliayo siku hiyo hupitiwa upesi, na lawama yote hutiwa katika mkoba wa kampuni za migodi na askari wa kukodiwa. Hapana shaka kampuni zilikuwapo, na askari walikuja. Walakini fedha na bunduki peke yake hazielezi kwa nini mtu aliyejitenga aliweza kusema kwamba anasema kwa niaba ya raia waliomchagua. Ili kulijibu swali hilo yatupasa kurudi nyuma kidogo, tuutazame uchaguzi wa Baraza la Jimbo wa Mei 1960, na chama cha kimkoa kilichozaliwa kwa ajili ya uchaguzi na kukua kwa uchaguzi. Chama hicho ni Conakat.

Nia ya makala haya ni mbili. Kwanza, kueleza jinsi chama hicho kilivyopata kuitawala serikali ya jimbo pasipo kupata wingi wa viti kwa kura. Pili, kulitazama neno moja lililobeba mzigo wote wa siasa yake, yaani neno mwenyeji, na maana liliyopewa katika mji ambao Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya watu wote na hakuna kabila lililoweza kudai kuwa ni chake.

I. Mji wa wageni

Katanga ni nchi kubwa, yapata kilomita za mraba laki tano kasoro kidogo. Kusini mwake ndiko iliko shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na mwaka huohuo ukaanzishwa mji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 huitwa Lubumbashi. Wakazi wa asili wa sehemu zile za shaba walikuwa wachache na wametawanyika; migodi ilitaka mikono mingi. Basi kampuni ikaajiri watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kisha kutoka Rwanda, na zaidi kutoka Kasai na pande za Lomami. Reli ya kwenda Port-Francqui ilipokwisha mwaka 1928, njia ya Kasai ikawa wazi, na Waluba wa Kasai wakaja kwa wingi. Wengi wao walikuwa wamesoma katika shule za misheni, wakawa makarani, mafundi, watu wa reli na wafanya biashara. Tena tangu miaka hiyo kampuni ilibadili desturi yake: badala ya kumwajiri mtu kwa miezi michache na kumrudisha kwao, ilimruhusu kuleta mkewe na kukaa. Hivyo mtu aliyekuja kama mgeni alizaa watoto Elisabethville, na watoto hao hawakuwa na mji mwingine waujuao.

Lugha iliyowaunganisha watu hawa ilikuwa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha pwani. Kilikuwa na ba- mahali pa wa-, na kilipokea maneno mengi ya Kifaransa na ya lugha za jirani. Wataalamu kama Edgar Polomé na Johannes Fabian wamekichunguza kwa makini, na Fabian ameonyesha jinsi watawala wa Kibelgiji na kampuni walivyokipendelea ili kuwatenga wafanya kazi wao na mivuto ya kusini, yaani ya Waingereza. Jambo litupasalo kulitia moyoni hapa ni hili: katika migodi, sokoni na katika mitaa ya Waafrika, Mluba wa Kasai, Mbemba, Mlunda na Myeke walisema lugha moja isiyokuwa ya asili kwa hata mmoja wao. Kwa upande wa lugha, wote walikuwa wageni sawasawa, na wote walikuwa wenyeji sawasawa.

II. Uchaguzi wa 1957 na kuzaliwa kwa chama

Kwa muda mrefu Wabelgiji hawakuruhusu vyama vya siasa katika Kongo. Waliloruhusu ni vyama vya wenyeji wa mahali pamoja, vya ukoo na kabila, na vya waliosoma shule moja: vyama vya kuzikana, kusaidiana na kucheza ngoma. Mwishoni mwa mwaka 1957 ndipo walipofungua mlango kwa mara ya kwanza, wakafanya uchaguzi wa mabaraza ya miji katika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Watu wakapiga kura kwa komini, yaani sehemu za utawala wa mji, na kila komini ikapata meya wake.

Matokeo ya Elisabethville yaliwashitua wengi. Katika komini nne za Waafrika hakupatikana hata meya mmoja aliye mzaliwa wa Katanga. Wengi wao walikuwa watu wa Kasai. Mtu akifikiri kwa utulivu ataona kwamba hakukuwa na hila: wapiga kura wengi wa mji walikuwa watu waliokuja kwa ajili ya kazi, wakawachagua waliowajua. Lakini mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, kazi zimepungua, na mtu aliyekosa kazi alipotazama aliona kwamba karani, msimamizi na sasa meya pia ni mtu wa kutoka mbali. Dhiki ya tumbo ikapata jina la kabila.

Ndipo mwezi wa Oktoba 1958 ikaundwa Conakat, maana yake kwa ufupi ni muungano wa vyama vya makabila ya Katanga. Rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, na mwaka 1959 Tshombe akashika mahali pake. Tshombe alikuwa Mlunda, mwana wa tajiri wa biashara, na alikuwa ameoa katika nyumba ya Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda. Munongo alikuwa wa jamaa ya kifalme ya Wayeke, mjukuu wa Msiri.

Hapa msomaji wa Afrika ya Mashariki na asimame kidogo. Msiri hakuwa mtu wa Katanga kwa kuzaliwa. Alikuwa mwana wa msafiri wa biashara kutoka pande za Unyamwezi na Usumbwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, aliyeingia kwa biashara ya shaba na pembe katika karne ya kumi na tisa, akaujenga ufalme wake Bunkeya kwa bunduki na kwa kuoana na wenyeji. Aliuawa Desemba 1891 na mtu wa msafara wa Kapteni Stairs, msafara ulioanzia pwani yetu na ambao wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Zanzibar na mrima. Basi mjukuu wa mgeni aliyekuja kutoka mashariki ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama kilichosema kwamba wageni waliokuja kutoka magharibi hawana haki ya kutawala. Haya hayasemwi kwa kumdhihaki Munongo. Husemwa kwa sababu yanaonyesha kwamba katika siasa ya Katanga uenyeji haukupimwa kwa mahali alikotoka babu, bali kwa wakati aliofika na kwa nguvu aliyokuwa nayo alipofika.

III. Malalamiko na marafiki

Haifai kusema kwamba Conakat haikuwa na hoja. Katanga ilikuwa na utawala wake wa namna ya peke yake hata mwaka 1933, uliponyang'anywa na mambo yake mengi kuletwa Léopoldville. Migodi yake, iliyotoa tani 300,000 hivi za shaba mwaka 1960, ililipa sehemu kubwa sana ya mapato ya koloni nzima. Kutaka serikali ya shirikisho, ambamo jimbo lina madaraka yake, halikuwa wazo la uhaini. Vyama vingine vya Kongo vililitaka vilevile. Na hofu ya watu wa vijijini kwamba mji utawameza ni hofu ijulikanayo katika nchi nyingi.

Lakini hoja nzuri huharibiwa na marafiki inaowachagua. Mwezi wa Juni 1959 Conakat ilikipokea Union Katangaise, chama cha walowezi wa Kizungu, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakitaka Katanga ijitenge na Léopoldville, na baadhi yao walitazama kusini, Rhodesia, kwa hamu. Tangu hapo neno mwenyeji lilizidi kuwa la ajabu. Chama kilidai kwamba madaraka yawe mikononi mwa Wakatanga halisi, pamoja na wale walioonyesha kwa matendo kwamba wanaitakia nchi heri. Mlango huo wa pili uliachwa wazi kwa Mbelgiji aliyekuja juzi na mtaji wake. Mluba wa Kasai aliyezaliwa Elisabethville alifungiwa.

Waluba wa Katanga, wakaao kaskazini mwa jimbo, walikuwa na chama chao, Balubakat, chini ya Jason Sendwe. Mwanzoni mwa 1959 walijiunga na Conakat, kwa maana wao ni watu wa Katanga bila shaka yoyote. Lakini hawakuweza kukaa katika nyumba iliyowatukana ndugu zao wa Kasai na kuwapa walowezi kiti cha mbele. Mwezi wa Novemba 1959 wakajitoa. Kisha wakaungana na Fedeka, chama cha watu wa Kasai, na Atcar, chama cha Wachokwe, wakafanya muungano uitwao Cartel, ulioelekea upande wa Lumumba na kutaka Kongo iwe moja.

Mpenzi wa maneno ataona kinyume kilichomo katika majina haya. Chama kilichokuwa na jina la kabila moja kilitetea umoja wa nchi nzima; na chama kilichojiita muungano wa makabila yote ya jimbo ndicho kilichotetea utengano. Jina la chama si ushahidi wa siasa yake.

IV. Kura za Mei na sheria ya Juni

Mkutano wa Meza ya Duara uliofanyika Brussels, Januari na Februari 1960, uliamua kwamba Kongo itapata uhuru tarehe 30 Juni. Bunge la Ubelgiji likatunga Sheria ya Msingi, iliyotiwa sahihi tarehe 19 Mei. Kwa sheria hiyo kila jimbo kati ya majimbo sita lilipewa Baraza lake na serikali yake, na Mabaraza hayo ndiyo yaliyochagua pia maseneta wa Bunge la taifa. Kwa hiyo uchaguzi wa jimbo haukuwa jambo dogo la nyumbani. Aliyelishika Baraza alishika serikali ya jimbo na njia ya kwenda Seneti kwa pamoja.

Wanaume watu wazima walipiga kura mwezi wa Mei. Katika Bunge la taifa, lenye viti 137 vya wawakilishi, Conakat ilipata 8 na Cartel 7: tofauti ya kiti kimoja. Katika Baraza la Jimbo la Katanga, lenye viti 60, Conakat ilipata 25. Cartel ikafuata nyuma yake kwa viti vichache tu, ikiwa na zaidi ya theluthi moja ya Baraza zima. Viti vilivyosalia vilikwenda kwa watu huru na orodha ndogo za mahali, na wengi wao wakaegemea Conakat. Kwa jumla kusini ilikuwa ya Conakat na kaskazini ya Cartel. Mji wenyewe ulikuwa umegawanyika.

Hesabu hizi zatufundisha mambo mawili. La kwanza, Conakat ilikuwa chama kikubwa kuliko vingine katika jimbo, wala si haki kukiita kivuli cha Wazungu tu. Maelfu ya watu walikipa kura zao. La pili, hakikupata nusu. Viti 25 kati ya 60 ni sauti ya sehemu ya Katanga, si sauti ya Katanga.

Na Sheria ya Msingi ilikuwa imeliona jambo hilo mbele. Iliweka sharti kwamba serikali ya jimbo haiwezi kuchaguliwa ila theluthi mbili za wajumbe wa Baraza wahudhurie. Maana ya akidi kubwa namna hiyo ni wazi: katika nchi changa yenye watu wa namna nyingi, mkubwa asiunde serikali pasipo kuzungumza na mdogo. Baraza lilipokutana mwanzo wa Juni, wajumbe wa Cartel walitumia silaha hiyo pekee waliyokuwa nayo. Walitoka. Theluthi mbili haikupatikana, na serikali haikuweza kuundwa. Kususa kwao kulikuwa na lengo: walitaka serikali ya pamoja, ambamo kaskazini na kusini zote zina viti.

Hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni mashauriano, marefu na ya kuchosha. Ya pili ni kuibadili sheria. Conakat na wafuasi wake wakaliomba Bunge la Ubelgiji lichague njia ya pili, nalo likakubali. Tarehe 15 Juni 1960, siku kumi na tano kabla ya uhuru, Sheria ya Msingi ilirekebishwa, hata Baraza likaruhusiwa kuendelea na kazi ikiwa waliohudhuria ni wengi kuliko nusu. Kesho yake, tarehe 16, Tshombe akachaguliwa rais wa serikali ya jimbo, na Munongo akapewa wizara ya mambo ya ndani, yenye polisi na watawala wa wilaya. Cartel haikupata kitu.

Kwa maoni ya mwandishi, siku hizi mbili ndizo kiini cha habari yote. Tarehe 11 Julai ilikuwa tunda. Mti ulipandwa tarehe 15 na 16 Juni. Serikali ya taifa ilipoyumba kwa maasi ya askari mwanzoni mwa Julai, na majeshi ya Ubelgiji yalipoingia Elisabethville tarehe 10, Tshombe alikuwa tayari na serikali yenye chama kimoja, isiyo na mtu ndani yake wa kumwambia ngoja. Alitangaza kujitenga kwanza. Baraza liliidhinisha baadaye. Kama wizara mbili tatu zingalikuwa mikononi mwa watu wa Sendwe, tangazo lile lingalikuwa gumu zaidi kutolewa, na labda lisingalitolewa kabisa.

V. Yaliyofuata

Kaskazini haikuikubali serikali hiyo. Vita vikazuka kati ya Waluba wa Katanga na askari wa Tshombe, vijiji vikachomwa, na viongozi wa Balubakat wakatangaza jimbo lao lenyewe, Lualaba, na makao yake Manono. Hivyo aliyejitenga naye akajitengewa, kwa hoja zilezile alizozitumia mwenyewe. Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961. Mwaka huohuo watu wa Kasai kwa makumi ya maelfu walikimbilia kambi ya wakimbizi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, pembeni mwa mji walioujenga. Hakuna nchi hata moja iliyoitambua Katanga rasmi, na Januari 1963 utengano ukakoma.

Chama kilikufa, lakini wazo halikufa. Baada ya Mobutu kutwaa utawala, Novemba 1965, vyama vyote vilizimwa, na kwa miaka ishirini na mitano haikuruhusiwa kuuliza hadharani nani ni mwenyeji wa wapi. Vyama viliporuhusiwa tena mwaka 1990, swali lilirudi pale lilipoachwa. Uferi, chama cha Nguz Karl-i-Bond na cha Gavana Kyungu wa Kumwanza, kilisema maneno ambayo mzee wa 1958 angeyatambua, na mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko. Walijaa katika vituo vya reli wakingoja magari ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Mwaka 2015 jimbo lenyewe liligawanywa sehemu nne; hivyo kila sehemu ikapata Baraza lake, na kila Baraza lina swali lilelile la kujibu.

VI. Neno mwenyeji

Wasomaji wa jarida hili watakubali kwamba lugha yaweza kuwa shahidi. Mwenyeji, kwa asili yake, ni mwenye mji. Na katika matumizi yetu neno hilo lina maana mbili zisizotengana, mwenye kukaa mahali na mwenye kupokea wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Maana yake, kuja kwa mgeni ni faida ya mwenyeji, wala uenyeji si ukuta. Katika siasa ya Conakat maana ya pili ilikatwa, ikabaki ya kwanza peke yake.

Nao watu wa mji walikuwa na kumbukumbu nyingine. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya wazee waliokuwa watumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili cha mahali hapo historia ya Elisabethville, maandishi ambayo Fabian aliyachapisha na kuyafafanua mwaka 1990. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu naye aliieleza historia ya nchi yake kwa picha na kwa Kiswahili hichohicho. Vyanzo hivi vyastahili kusomwa pamoja na hansadi za Brussels na taarifa za vyama, kwa kuwa vyatoka kwa watu ambao uchaguzi uliwaambia wao si wa pale, ilhali lugha waliyoandikia haikuwa na mahali pengine pa kuzaliwa ila palepale.

Utafiti wa vyama vya kimkoa haufai kuishia katika kuhesabu viti. Swali la kuuliza kila mara ni hili: chama kiliposhinda, kanuni zilimlazimisha kuzungumza na nani? Katika Katanga kanuni hiyo ilikuwapo, imeandikwa kwa theluthi, na ilidumu kwa majuma manne. Ilipoondolewa, aliyepata viti 25 kati ya 60 akapewa kusema kwa niaba ya wote, na wale wengine wakabaki na njia moja tu, nayo haikupitia barazani.